Kioo Kilikuwa Mahali Pake

Kwa Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Hiyo ni yangu. Pokea na ya wifi yako, ambaye anapita nyuma yangu kila mara akijifanya anatafuta ufagio, na ya binti yetu kitindamimba, aliyetoka asubuhi na gari la mikate na ambaye atarudi na njaa, maana anayebeba mikate ya watu hali hata ukoko. Mguu wako unaendeleaje? Nasikia sasa unafika mlangoni bila fimbo. Usijifanye jasiri, dada, fimbo haijamuua mtu. Sisi huku ni wazima, paa halivuji, na goti la wifi yako, lile ulilosikia kwamba aliliumiza baada ya kuteleza kwenye oili pale gereji, linapona. Mzima sana ni mimi, ila nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumtuma mtu, na herufi ni zile zile ulizonichorea kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni ukanichapa mwiko kila nilipogeuza S. Ukiona mistari inapanda na kushuka kama mlevi anayetafuta kwao, usiseme mdogo wako amekongoroka. Ni hii meza. Mguu wake mmoja ni mfupi. Nilimwita seremala, akainama, akapima, akasema meza iko sawa. Seremala huyo ni mwongo na baba yake alikuwa mwongo.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe hunipi nafasi. Nikisema moja unasema kumi, nikisema la pili unaniambia salio linakwisha. Barua haikatwi. Utanisoma mpaka mwisho, na usiruke kurasa kwenda kutazama nani kashinda, nakujua. Nitampa barua hii dereva mwenzake na binti yetu, anayepeleka mikate huko kwenu, akuletee mkononi kabla ya Jumamosi. Jumamosi tunakuja kukuchukua ukae kwetu mpaka mguu upone. Nani atashika usukani, hilo utalikuta mbele.

Sasa kesi yangu. Jumapili mchana nilikuwa mezani, wifi yako akaiweka simu kwa sauti ya juu ili aendelee kuchambua mchele, nami nikakusikia kwa masikio yangu yasiyo na kasoro ukisema kwamba nikija mimi kukuchukua hutapanda, afadhali usukumwe kwenye toroli. Toroli, dada. Mimi niliyeendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda tangu mabomba yake ya moshi yakiwa mapya mpaka yalipoanguka yenyewe kwa kutu. Nilimeza tonge bila kutafuna. Wifi yako akacheka, binti akainamisha kichwa, na mimi nikachota tonge jingine. Sikuwa na woga. Hasira ikiwa kubwa mno huandikiwa barua.

Mkubwa wa familia hasikilizi kesi kwa sikio moja. Wao walikueleza ya kwao, ukahukumu. Ya kwangu haya hapa.

Unalijua basi lile. Watu sitini na ushei asubuhi, sitini na ushei jioni, wengine wamelala, wengine wanagombana, na sikuwahi kumkwaruza kuku. Madereva vijana niliwapokea mimi, nikawapa sheria moja, na mpaka leo nikikutana nao wakiwa na mvi wananisalimia kwa sheria hiyo: gari lisiloona nyuma halina haki ya kwenda mbele. Unakumbuka siku meneja mwenyewe alipopanda ana haraka, na kioo cha ndani kimepasuka? Nilizima injini nikakunja mikono. Akafoka. Akanitajia vyeo vyake vyote. Nikamwambia mheshimiwa, hata ukiwa na cheo cha mwezi na nyota, mimi sioni nyuma. Kiwanda kizima kilingoja mpaka kioo kikaletwa. Aliposhuka alinishika mkono. Haya nakukumbusha tu, sijisifu.

Basi ndiyo maana kioo cha gari langu kilipoanguka sikulala usingizi. Kwa kuwa wewe gari unalijua kwa kukaliwa tu, nikueleze. Kile kioo cha ndani, ambacho dereva hutazamia nyuma, hakining'inii hewani kwa dua. Kwenye kioo kikubwa cha mbele hugandishwa kichuma kidogo kisichozidi ukucha wa dole gumba. Mafundi wanakiita kitako. Shingo ya kioo cha ndani huvishwa juu ya kitako hicho, ikakazwa kwa skrubu moja ndogo kama punje ya mtama. Basi. Usalama wa watu wote waliomo umekalia ukucha mmoja na tone la gundi. Wakubwa wanaotengeneza magari hawaoni aibu.

Gari lilikuwa limeegeshwa juani. Nikafungua mlango, nikakuta kioo kimelala kwenye kiti changu kama mgonjwa anayengoja daktari, kitako kimebanduka nacho. Binti akasema gundi imechoka, gari lina umri wake yeye. Nikamjibu kwamba gari halijachoka, waliochoka ni watengeneza gundi.

Nikaenda kwa mwenye duka la vifaa pale kona, yule tunayemwita Hairudi, kwa sababu ukinunua kwake hata msumari uliopinda ni wako mpaka kaburini. Akanipa gundi akiapa kwamba ukiipaka unaweza kumning'iniza fahali darini. Nikapaka, nikabandika, nikavisha kioo hapo hapo, nikamwita wifi yako aje ashuhudie kazi ya mwanamume. Alipochungulia, kikaanguka mbele ya macho yake kama kilichotumwa. Nikarudi kwa Hairudi na kopo mkononi. Eti ile ni gundi ya viatu, na mimi sikutaja kioo. Nikamkumbusha habari ya fahali. Akasema fahali si kioo. Watu dukani wakacheka, dada, watu niliowabeba bure siku za mvua.

Bila kioo gari siondoi, sheria ni sheria. Nikamwita fundi aje nyumbani. Huyu jina lake Taratibu, na amelipata kwa haki, maana ukimwambia nyumba yake inaungua atakuambia taratibu. Alikaa kwenye kiti changu kana kwamba amekirithi. Akakwangua gundi ya zamani kwa wembe. Akafuta kioo cha mbele kwa spiriti mpaka kikalia kwi, kwi. Akakisugua kile kitako kwa msasa ili gundi ipate pa kung'ata. Akatoka nje akatia alama ya chaki juu ya kioo mahali kitako kinapopaswa kukaa, akarudi ndani, akabandika, akakibana kwa dole gumba huku akimsimulia wifi yako habari za mbuzi wake. Halafu akaniambia nisitundike kioo mpaka kesho.

Nikamwuliza ni gundi gani hiyo inayolala. Akasema hata saruji hulala, mzee. Nikamwambia nilikuwa nafunga vioo kabla baba yake hajatongoza. Akasema sawa, lakini kesho. Sasa mimi nilikuwa na safari ya sokoni jioni ile ile, na sokoni huendi na alama ya chaki. Nikakitundika. Nilifika mtaa wa pili kikaniangukia mapajani. Nikasimamisha gari pembeni, nikarudi nyumbani kwa miguu na kioo kwapani, na kila niliyepishana naye akaniuliza kama nakwenda kunyoa ndevu.

Na katika safari zetu za gari kuna jambo jingine lazima nikushtakie. Wifi yako siku hizi garini hafungi mdomo. Zamani alikuwa akikaa anafuma, husikii ila sindano. Sasa ni baiskeli ile, shimo lile, mama yule na mtoto wake wanavuka, ng'ombe wale kushoto. Nilimwambia kama anataka kutangaza mpira aende redioni. Akasema atanyamaza, akanyamaza mpaka kwenye mtaro, halafu mtaro ule.

Basi vijana wa mtaa wakalisukuma gari mpaka nyumbani, nami nikaamua nifanye mwenyewe, kwa mikono iliyofungua injini ya basi na kuifunga bila kubaki hata nati. Nikakwangua, nikafuta, nikapiga msasa, nikabandika. Na nikangoja mpaka kesho yake, si kwa kumtii Taratibu, bali mvua ilikuwa inanyesha. Asubuhi kitako kilikuwa kimeganda kama jino. Nikavisha kioo. Kikateleza. Nikakirudisha, nikakaza skrubu. Kikateleza. Nikakaza mpaka skrubu ikaisha meno, na kioo kikashuka tena polepole kama mtu anayeondoka msibani. Kitako kipo, kioo hakikai. Nikajua hapa pana hujuma. Nikasema mbele ya nyumba nzima kwamba Taratibu amebadilisha kitako changu akaniachia cha gari jingine.

Binti alikuwa ametoka kazini na unga kwenye nyusi. Akachungulia, hakugusa, akasema kitako kimekaa kichwa chini. Nikamwambia chuma hakina kichwa wala miguu. Akasema hiki kinacho. Upande mmoja ni mwembamba, mwingine mpana. Mwembamba hukaa juu ili shingo ya kioo ikivishwa kutoka juu ishuke mpaka ibanwe. Ukigeuza, hakuna cha kuibana, lazima iteleze. Nikasema sioni wembamba wowote. Basi akanishika kidole, dada, mimi, kama mtoto anayefundishwa kuhesabu, akakipitisha juu ya chuma. Kidole kikaona. Nikasema nilijua, nilikuwa nawapima. Wifi yako alicheka mpaka akakaa chini. Binti hakucheka. Aliniuliza, sauti chini, kama kweli sikuwa nimeona. Nikamwambia mle ndani ya gari mna giza. Ilikuwa mchana.

Kubandua kitako kilichoganda kweli ni kazi nyingine. Alikwenda kwa jirani mwenye saluni akaazima mashine ya kukaushia nywele. Nikapiga marufuku. Akaendelea. Alikipasha chuma moto kidogo kidogo, kioo cha mbele kisipasuke, kisha akakishika kwa koleo na kukizungusha mpaka gundi ikasalimu amri. Akakisafisha, akakibandika mwembamba juu, na tukangoja. Skrubu nilinunua mpya kwa Hairudi, akanitolea meno kwa kunicheka, nikamtolea yangu yaliyobaki. Siku ya pili kioo kikakaa. Hata wewe na mguu wako ungeweza kuning'inia pale.

Nikakaa kwenye kiti, nikakiweka sawa, nikatazama nyuma. Ukungu.

Nikafuta kwa kitambaa. Ukungu. Nikafuta kwa pindo la shati, nikapuliza pumzi, nikafuta tena. Nyuma kulikuwa na kitu cheupe kama maziwa yaliyomwagika, na vivuli ndani yake. Hapo nikaelewa yote. Ile spiriti ya Taratibu imeshuka na kula kioo. Mtu anakufanyia kazi ya dakika chache na kukuharibia mali ya maisha. Kwa kuwa kioo kilikuwa kimetimia na sheria yangu imetimia, niliwasha gari kwenda kumwumbua gerejini kwake. Wifi yako akasema anakuja. Alivaa gauni lake jekundu la kutokea, akasema kama kazi yake ni kuamulia ugomvi basi heri aamulie akiwa amependeza.

Pale gereji nilisema, na nilisema vizuri. Taratibu alikichomoa kioo, akakitazama, akachana ndevu zake ndani yake. Akampa wifi yako, naye akaweka sawa kitambaa cha kichwa, akamrudishia. Wote wawili wakasema ni kisafi. Nikawaambia mtu aliyezoea vumbi haoni ukungu. Akaniletea kingine kipya, bado kwenye karatasi yake, akakivisha. Ukungu ule ule. Nikasema na hiki ni bandia. Nikasimama katikati ya ua, mafundi wote wameacha spana, nikawapa ile sheria yangu, gari lisiloona nyuma halina haki ya kwenda mbele, nikamwambia Taratibu kwamba anawapeleka watu makaburini kwa kuwauzia vioo vipofu. Wakatazama chini wote. Nikadhani ni heshima.

Nikarudisha kioo changu, nikaondoka. Hapo ndipo wifi yako aliteleza kwenye oili. Ndivyo ulivyoambiwa.

Na baada ya hapo binti akaanza. Baba, si gundi. Baba, si spiriti. Kila siku neno hilo hilo na chai. Nikamwuliza yeye anajua nini, mtu ambaye gari lake kazi yake ni kubeba vitu ambavyo hata vikigongwa havilii. Nilikuwa sijawahi kukaa kwenye gari analoliendesha yeye, wala mtu mwingine yeyote. Tangu nipate leseni sijaendeshwa, na nilisema nitaendeshwa siku nitakayolala chali. Ndipo akakupigia wewe, nawe ukaleta habari ya toroli, na wote mkakubaliana kwamba mzee kazeeka.

Sasa dada nimefika mahali kalamu imekuwa nzito. Nimekwenda kunywa maji nimerudi. Wifi yako ameacha kutafuta ufagio, amekwenda uani.

Hakuteleza.

Ua wa gereji ile ni mwembamba. Hutoki ila kwa kurudi nyuma, kati ya rundo la matairi na gari lililong'olewa injini. Wifi yako alishuka kuniongoza, kama alivyoniongoza miaka yote. Anasimama nyuma upande wa kushoto, anainua mkono, mimi naona kiganja chake kwenye kioo, akikishusha nasimama. Hatujawahi kukosea. Alisimama pale pale pake, na gauni jekundu ambalo mtu angeliona kutoka mlima wa pili. Nikatia rivasi. Nikatazama kioo. Sikuona kiganja. Sikuona wekundu. Niliona maziwa. Na kwa kuwa sikuona mtu, nikasema moyoni hakuna mtu, nikaachia breki.

Nilisikia kofi kwenye buti. Moja tu.

Niliposhuka alikuwa amekaa chini, mguu mmoja umekunjwa chini yake, mkono umeshika bampa la nyuma, ananitazama. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya, hasira yake naijua. Mafundi walikuja mbio. Kabla sijafungua mdomo akawaambia ameteleza kwenye oili. Dada, pale chini palikuwa pakavu. Pakavu, vumbi tupu. Kila mtu alipatazama na kila mtu aliona pakavu. Taratibu akaenda kuleta kiti, akampangusa gauni. Mimi niliyekuwa nimewahubiria wote nikasema ndiyo, kateleza.

Tulirudi kwa gia ya kwanza. Njia nzima alinisimulia barabara. Baiskeli ile. Shimo lile. Mtoto huyo, ngoja, haya twende. Sauti yake ile ile ya kila siku, huku ameshika goti. Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anapiga mdomo. Tangu mvua zilizopita alikuwa ananiazima macho yake, na mimi nikamwambia aende redioni. Yeye alikuwa ameshajua. Alikuwa anangoja nijue mwenyewe, kwa sababu ananifahamu, ukiniambia jambo nitalikataa hata kama ni jina langu.

Kwa hiyo, dada, ya mwisho ni haya. Gundi ilishika. Msasa ulifanya kazi yake. Spiriti haikula kitu. Taratibu si mwizi. Kile kipya kilikuwa kioo halisi. Kioo changu kilikuwa mahali pake, kimenyooka, kisafi, mwembamba juu mpana chini, na ndani yake alikuwamo mke wangu na gauni jekundu, mzima mzima, na mimi sikumwona. Sheria yangu niliitunga vizuri ila niliishika vibaya. Nilikilinda kioo nikasahau kwamba sheria inasema kuona. Na meza hii haina kosa. Seremala nitamwomba radhi, ingawa baba yake alikuwa mwongo kweli.

Hayo hawajayasikia kwangu. Binti anadhani mama yake aliteleza, au anafanya kama anadhani. Nimekuambia wewe peke yako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukinichapa mwiko na hukumwambia mama.

Lakini nisikilize vizuri, maana hapa ndipo hasira yangu inaposimama na haiketi. Wewe ulisema nisiendeshe kwa kuwa nimezeeka. Ulikosea. Uzee si kosa, nimeendesha uzeeni miaka mingi bila tatizo. Na hakuna mtu aliyeninyang'anya ufunguo. Wakikuambia huko kwamba walininyang'anya, wamedanganya. Jumatatu jioni niliuweka mwenyewe mezani mbele ya binti, nikamwambia Jumamosi utakwenda kumchukua shangazi yako. Akaenda kunawa unga mikononi, akanawa mpaka nikaogopa maji yatakwisha, akarudi akauchukua.

Kisha nikamwambia akae kwenye kiti changu. Alipokaa nikaona, kwa maana ya kuona kwangu kwa siku hizi, kwamba ni mfupi. Kitako kilikuwa juu, kwa kipimo cha mtu mrefu aliyewahi kutazamwa na wasichana wa kiwanda kizima. Akasema haina haja, shingo ya kioo inapinda, atakiinamisha. Nikasema hapana. Dereva hainamishiwi kioo cha mtu mwingine. Jana mchana nikaenda mwenyewe kwa mwenye saluni kuazima mashine yake ya nywele, na mwenye saluni akaniuliza kama nataka mawimbi au nywele zilale. Nikakipasha chuma moto, nikakibandua, nikakwangua, nikafuta mpaka kikalia kwi, kwi. Binti alikaa wima akitazama mbele kama anaendesha, na wifi yako akiwa nje na chaki akatia alama pale binti aliposema. Msasa nilipiga mimi. Gundi nilipaka mimi. Upande wa juu niliutafuta kwa kidole, na kidole hakikosei. Nikakibana kwa dole gumba mpaka mkono ukafa ganzi. Nikawaambia asiyetaka ugomvi asitundike kioo mpaka kesho. Taratibu alikuwa anapita, akasikia, akaenda zake anacheka. Mwache acheke.

Leo kabla hajaenda kwenye mikate nimekivisha kioo. Kimekaa. Nikamwambia binti kaa, kiweke sawa, tazama nyuma, niambie unaona nini. Akasema anamwona mama yake amesimama karibu na mlango wa uani, ameinua mkono. Nikamwuliza amevaa nini. Akasema gauni jekundu. Nikamwambia basi, gari liko tayari.

Jumamosi utatuona tukiingia. Usishangae kuniona upande wa pili. Ni mimi niliyepanga. Wewe utakaa nyuma na wifi yako na mguu wako juu ya mto, na mimi nitamwelekeza binti pale anapokosea. Wifi yako anasema hakosei, lakini wifi yako naye tumeshaona anavyosema. Nimemwambia safari hii afume, barabara haihitaji kusimuliwa. Na ukicheka, hata kidogo, hata kwa pua, toroli nimeshaitafuta, ipo.

Jumatatu nitakwenda kwa daktari wa macho. Wifi yako anasema kuna ukungu unaoondolewa na kuna usioondolewa, na hujui mpaka ukaguliwe. Nitakaguliwa. Usimwambie mtu kwamba nimekubali kwa hiari, nina jina langu.

Wasalimie majirani zako wote isipokuwa yule aliyesema mimi naendesha kwa mazoea. Nisalimie na yeye. Funga mizigo yako mapema, usitusubirishe langoni, binti yetu ana mikate ya jioni.

Ni mimi mdogo wako uliyempa jina mwenyewe,

Kichwa Mawe